Tamaa na Bastola: Uanze na Cain, Chandler, Spillane au Hughes?

Msomaji anaponiuliza aanzie wapi na riwaya za uhalifu za Kimarekani za miaka ya 1930 na 1940, zile za mpelelezi sugu, mwanamke asiyetabirika na jiji lililooza kuanzia kituo cha polisi hadi majumba ya matajiri, humrudishia swali: unataka tamaa ya mwili ifanye kazi gani ndani ya hadithi? Wengi hawategemei kuulizwa hivyo. Wamezoea kuyaona mambo ya mahaba humo kama pilipili ya mchuzi, ukitaka unaongeza, hutaki unaacha. Sikubaliani nao. Ukiondoa ashiki kwenye riwaya hizi, nyingi zinabaki bila sababu ya mtu yeyote kumuua mwenzake. Ndiyo maana waandishi wanaopangwa rafu moja dukani wanakupa vitabu visivyofanana hata kidogo, na aliyempenda mmoja anaweza kumtupa mwingine kabla hajafika ukurasa wa thelathini.

Mtindo huu ulikulia kwenye majarida ya hadithi ya bei chee. Black Mask lilianzishwa mwaka 1920, na miaka mitatu baadaye Carroll John Daly akaanza kuchapisha humo hadithi za mpelelezi anayetumia ngumi na risasi zaidi ya akili. Akafuata Dashiell Hammett, aliyewahi kufanya kazi ya upelelezi katika kampuni ya Pinkerton, akaleta mazungumzo na ujanja wa watu wa mtaani kama alivyowajua kazini. Nje ya kurasa, pombe ilikuwa marufuku Marekani nzima hadi 1933, magenge yalikuwa na pesa, na polisi walikuwa wanakula nao. Mwaka 1939 vitabu vya jalada laini vikaanza kuuzwa kwa senti 25. Baada ya vita majalada yake yakajaa wanawake waliovaa nusu nusu na wanaume wenye bastola, hadi mwaka 1952 kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ikakaa kuvichunguza kwa madai kwamba vinaharibu maadili.

Aliyekua na Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa hatakuwa mgeni sana hapa. Atazikuta tena bastola, hoteli, na mwanamke ambaye hujui kama ni mpenzi au ni mtego. Lakini Gamba ni jasusi mwenye nchi ya kuitetea. Wanaume wa riwaya za Kimarekani ninazozizungumzia hawatetei nchi yoyote. Wana kodi ya chumba ya kulipa. Na kama umezoea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake na akili yake inayofungua fumbo moja baada ya jingine, jiandae: hapa fumbo si jambo kubwa. Ukifunga kitabu bila kuelewa vizuri nani alimuua mmoja wa waliokufa humo, hujakosa kitu.

Nimechagua riwaya nne, moja kwa kila mwandishi, kwa sababu kila moja inaitumia tamaa kwa namna yake.

Vigezo

Kila kitabu nimekipima kwa mambo matano. La kwanza na kubwa ni kazi ya tamaa: inasukuma nini katika kisa? La pili ni mwanamke: anapewa maisha yake mwenyewe au ni sura tu machoni pa mwanaume? La tatu ni uwazi, yaani kitandani na kwenye damu mwandishi anakupeleka karibu kiasi gani. La nne ni lugha, kwa sababu wengi wetu tunavisoma vitabu hivi kwa Kiingereza au Kifaransa, na ugumu wa lugha unaweza kumkatisha mtu tamaa bila kitabu chenyewe kuwa na kosa. La tano ni anayefaa kukisoma. Miisho sijaifichua.

James M. Cain: The Postman Always Rings Twice (1934)

Frank Chambers, mzururaji asiye na kwao, anatupwa chini kutoka kwenye lori la nyasi mchana wa jua kali. Anaingia kwenye mgahawa wa kando ya barabara huko California akitafuta namna ya kula bila kulipa. Mwenye mgahawa ni Nick Papadakis, Mgiriki mkarimu. Mkewe Cora yuko jikoni. Kitabu kizima kina kurasa mia moja na kidogo, na mapema sana watu hao wawili wameshaamua kwamba Nick afe.

*Kazi ya tamaa.* Kwa Cain, tamaa ndiyo kosa lenyewe. Hakuna kujiuliza nani kaua, maana ulikuwepo wakipanga. Unachokisoma ni jinsi watu wawili wa kawaida, wasiowahi kuwa wauaji, wanavyosukumana hatua kwa hatua hadi pasipo na kurudi. Busu lao la kwanza linatoa damu: Cora anamwambia Frank amng'ate mdomo, na Frank anang'ata. Ni mistari michache tu, kisha hadithi inaendelea, lakini kuanzia hapo mahaba na maumivu hayaachani tena, na kila wanaposhikana kuna kitu kinavunjika.

Jaribio lao la kwanza linaharibiwa na paka anayepanda ngazi hadi kwenye fyuzi za umeme na kuzima taa za nyumba nzima. Nalitaja hilo kwa sababu ndivyo Cain anavyoona uhalifu. Mipango ya watu walioshikwa na uchu inaangushwa na vitu vidogo vya nyumbani. Adhabu inayokuja baadaye inatisha kuliko ya mahakama. Wakishafanikiwa, wanabaki pamoja, kila mmoja ameshika siri inayoweza kumpeleka mwenzake kunyongwa, na ile hamu iliyowaunganisha inageuka kuwa ulinzi. Wanalala kitanda kimoja kila mtu akisikiliza pumzi za mwenzake. Sijui riwaya nyingine fupi kiasi hiki inayosema mengi hivi kuhusu kinachobaki baada ya watu kupata walichokitamani.

Cain alikuwa mwandishi wa habari, na nyuma ya riwaya kuna kesi ya kweli. Mwaka 1927 Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray walimuua mume wa Ruth huko New York. Mahakamani kila mmoja akamsukumia mwenzake lawama, na wote wawili wakauawa kwa kiti cha umeme gerezani Sing Sing Januari 1928. Ile hali ya wapenzi kugeukiana mbele ya sheria ndiyo iliyomkaa Cain kichwani.

*Mwanamke.* Cora ana historia. Alishinda shindano la urembo la shule ya sekondari huko Des Moines, zawadi ikawa safari ya Hollywood, na ndoto ikaishia kuhudumia meza kwenye mkahawa wa bei rahisi. Anataka kuwa mtu, anataka biashara iende, na mara nyingi ana akili ya maisha kuliko Frank. Lakini pia anamdharau mumewe kwa kuwa ni Mgiriki, na dharau hiyo ya ubaguzi imeandikwa bila kufunikwa. Msomaji wa leo itamchoma.

*Uwazi.* Kilipigwa marufuku Boston. Ukikisoma sasa utaona kwamba maelezo ya miili ni machache sana. Kinachoshtua ni mahali na wakati: watu hao wanashikana pale pale walipoua. Studio ya MGM ilinunua haki za filamu mwaka 1934, na kwa sababu ya kanuni za maadili za Hollywood filamu ikatoka 1946, miaka kumi na miwili baadaye.

*Lugha.* Rahisi kuliko zote nne. Sentensi ni fupi, maneno ni ya kila siku, na mazungumzo yanakwenda ukurasa mzima bila kuambiwa nani kasema. Wanaosoma Kifaransa wana tafsiri iliyotoka kwa mchapishaji Gallimard tangu 1936.

*Anayefaa.* Anayetaka mapenzi yenye hatari kuliko upelelezi, na anayeweza kukaa ndani ya kichwa cha mkosaji bila kutafuta mtu mwema wa kumshabikia.

Raymond Chandler: The Big Sleep (1939)

*Kazi ya tamaa.* Hapa tamaa ni mtihani, na mtahiniwa ni Philip Marlowe, mpelelezi wa kujitegemea mwenye umri wa miaka 33 anayetoza dola 25 kwa siku pamoja na gharama. Jenerali Sternwood, mzee aliyepooza na tajiri wa mafuta, anampokea ndani ya nyumba ya vioo iliyojaa okidi, joto na unyevu mpaka shati linagandana na mwili. Mzee hawezi tena kunywa, kwa hiyo anamtazama Marlowe akinywa brandi kwa niaba yake. Kurasa hizo chache zina ashiki kuliko sura nzima za waandishi wengine, na hakuna aliyemgusa mwenzake.

Mzee ana mabinti wawili, Vivian na Carmen, na mtu mmoja anayeitwa Geiger anamdai pesa kwa sababu ya Carmen. Duka la Geiger kwa nje linauza vitabu adimu. Kwa ndani linaazima vitabu vya ngono kwa wateja wenye pesa. Nampenda Chandler kwa hilo: anaiweka biashara ya uchu ndani ya kisa, halafu anakuonyesha nani anafaidika nayo na nani anailinda.

Tukio linalobeba kitabu kizima ni la chumbani kwa Marlowe. Anarudi usiku anamkuta Carmen kitandani kwake, uchi, anacheka. Marlowe hamkimbilii wala hakimbii. Anautazama ubao wake wa chesi, anasogeza farasi mmoja, kisha anamrudisha, akisema kwamba mchezo huu hauna nafasi ya mashujaa wa farasi. Anamwambia binti avae. Binti anamtukana. Kinachomuudhi Marlowe hasa ni kwamba hicho ndicho chumba chake, mahali pekee duniani anapopaita nyumbani. Carmen akishaondoka, Marlowe anakirarua kitanda kizima. Kama kweli hakutamani, kwa nini alichane shuka? Chandler halijibu hilo, na kutojibu kwake ndiko kunakonirudisha kwenye kitabu hiki.

*Mwanamke.* Vivian ni mwerevu na maneno yake yanamkata Marlowe sawa na ya Marlowe yanavyomkata yeye. Carmen ameandikwa kama mtoto mgonjwa na hatari kwa pamoja, anayenyonya kidole gumba, na sidhani Chandler alimtendea haki. Mapenzi ya wanaume kwa wanaume anayaandika kwa dharau ya wazi. Ni vyema ujue hayo kabla hujanunua.

*Uwazi.* Kuna uchi, kuna picha za uchi, kuna busu ndani ya gari. Tendo lenyewe halipo. Damu ipo ya kutosha ila haikai sana mbele ya macho.

*Lugha.* Ngumu kuliko zote. Chandler alizaliwa Chicago akasomeshwa Uingereza, akaja kuandika lugha ya mtaani ya Los Angeles kama mtu anayeiokota kwa mikono miwili. Kila ukurasa una tashbihi na misemo ya wakati ule. Kwa Kifaransa mambo ni nafuu, kwani Boris Vian alikitafsiri mwaka 1948 katika mfululizo wa Série noire, hivyo msomaji wa Bujumbura au Bukavu anaweza kukianza kwa raha kuliko wa Dar es Salaam anayehangaika na misimu ya Kiingereza. Kisa nacho kina mafundo. Inasimuliwa kwamba waliotengeneza filamu ya 1946 walimuuliza Chandler ni nani aliyemuua dereva, naye hakuwa na jibu.

*Anayefaa.* Anayependa sentensi nzuri kuliko kisa kilichonyooka, na anayevutiwa zaidi na mlango uliofungwa kuliko uliofunguliwa.

Mickey Spillane: I, the Jury (1947)

Jack Williams amekutwa amepigwa risasi ya tumbo. Ana mkono mmoja. Wa pili aliupoteza vitani Pasifiki akimwokoa rafiki yake Mike Hammer. Hammer anaitazama sakafu na kuisoma: Jack alikuwa anatambaa kuifuata bastola iliyokuwa kwenye kiti, na muuaji alikuwa anakisogeza kiti nyuma kidogo kidogo. Hapo hapo Hammer anaapa kwamba hakuna mahakama itakayoamua kesi hii. Atamuua mwenyewe, kwa risasi ya tumbo.

*Kazi ya tamaa.* Ni tuzo na ni chambo. Wanawake wanamkimbilia Hammer sura baada ya sura, na kisasi kinasonga mbele katikati ya vishawishi hivyo. Wengi wanaomsema Spillane bila kumsoma hawajui kwamba Hammer, akishampenda Charlotte Manning, daktari wa akili, anakataa kulala naye kabla ya ndoa. Ndani ya kitabu kilichoitwa kichafu kuna maadili magumu kabisa, yanayowagawa wanawake kuwa wa kuoa na wa kupita. Mwandishi mwenyewe baadaye akajiunga na Mashahidi wa Yehova. Ukikisoma kwa jicho hilo, ukurasa wa mwisho, ambao ni maarufu kuliko kitabu chote na ambao uchi na bastola vinakutana chumba kimoja, unakuwa mzito zaidi ya msisimko wake.

*Mwanamke.* Charlotte ana taaluma na akili, na katibu wa Hammer, Velda, ana leseni yake na bastola yake. Hata hivyo wote tunawaona kwa macho ya Hammer tu, na macho yake huanzia miguuni. Anayechoshwa na hilo atachoka mapema.

*Uwazi.* Kwa wakati wake, hiki ndicho kilichokuwa wazi kuliko vyote vinne, na ukatili wake ni wa kugusika. Toleo la jalada laini la mchapishaji Signet la 1948 liliuza nakala kwa mamilioni. Kwa mizani ya leo, mahaba yake ni ya wastani. Kipigo ndicho kinachobaki kikali.

*Lugha.* Nyepesi, ya haraka. Spillane aliwahi kuandika hadithi za katuni na inaonekana: kila sura inaishia pale ambapo huwezi kuiacha.

*Anayefaa.* Msafiri wa basi la usiku, anayetaka kasi na hasira, na anayetaka kuielewa hamu ya kisasi waliyorudi nayo wanaume wengi wa Marekani kutoka vitani.

Dorothy B. Hughes: In a Lonely Place (1947)

*Kazi ya tamaa.* Hughes, aliyezaliwa Kansas City mwaka 1904 na kuanza kama mshairi, anaifanya tamaa kuwa kitu cha kuogopwa, na anamwonyesha msomaji upande ambao wenzake hawakuugeukia. Dix Steele alikuwa rubani wa vita. Sasa yuko Los Angeles, anaishi kwenye fleti ya rafiki ambaye Dix anadai amesafiri, anasema anaandika riwaya ya upelelezi. Mwanzoni kabisa amesimama mahali palipoinuka juu ya bahari, ndani ya ukungu, basi linasimama, binti anashuka peke yake, na Dix anaanza kumfuata. Hajamgusa. Anasikiliza visigino vyake tu, na anafurahi binti anapoanza kuongeza hatua. Ukurasa huo unakufanya ujitambue kwamba riwaya za aina hii zimekuwa zikikualika umtazame mwanamke kwa macho ya namna hiyo miaka yote.

Mjini kuna mtu anawanyonga wanawake. Rafiki wa Dix wa enzi za vita, Brub Nicolai, ni mpelelezi wa polisi kwenye kesi hiyo hiyo. Dix anapenda kuketi naye wakinywa na kumuuliza uchunguzi umefikia wapi.

*Mwanamke.* Hapa Hughes yuko mbali na wenzake. Laurel Gray, jirani mwenye nywele nyekundu, ana kila alama ya yule mrembo hatari tuliyemzoea, na Dix anamwona hivyo. Lakini mke wa Brub, Sylvia, anakaa kimya sebuleni akimtazama Dix, na msomaji makini ataanza kumtazama Sylvia anayetazama. Simulizi haitoki nje ya fikra za Dix, na bado unawaona wanawake hao vizuri kuliko yeye anavyowaona.

*Uwazi.* Kidogo kabisa. Mauaji hayaonyeshwi, na kitandani mlango umefungwa. Hofu inatoka kwenye jinsi Dix anavyowaza kuhusu mwanamke aliyechelewa kurudi.

*Lugha.* Ya kati, tulivu, yenye ukungu na barabara nyingi za Los Angeles. Kwa muda mrefu kitabu hiki kilikuwa kigumu kupatikana. Matoleo ya 2003 na 2017 yamekirudisha madukani.

*Anayefaa.* Anayetaka mvutano wa kimwili bila kufurahia kuumizwa kwa mwanamke, na mtu aliyewahi kuukimbia mtindo huu kwa sababu ya jinsi unavyowaandika wanawake.

Wanapogongana

Chandler alimdharau Cain waziwazi. Alimwona mwandishi wa uchafu. Hilo halikumzuia kushirikiana na mwongozaji Billy Wilder kuandika filamu ya 1944 ya Double Indemnity, iliyotokana na hadithi ya Cain huyo huyo. Ugomvi wao unamsaidia msomaji kuchagua. Chandler aliamini mtu anaweza kupita katikati ya uchafu akatoka na heshima yake. Cain hakuona heshima yoyote ya kuokolewa, aliona njaa tu. Ukisoma kurasa kumi za kila mmoja utajua moyo wako uko upande gani, na hakuna anayeweza kukuchagulia.

Spillane na Hughes nao walichapisha mwaka mmoja, 1947, na wote wawili waliandika kuhusu mwanaume aliyerudi kutoka vitani akiwa amezoea kuua. Hammer anaigeuza silika hiyo kuwa haki. Dix anaigeuza kuwa mawindo. Weka vitabu hivyo viwili mkono wa kulia na wa kushoto, uone jinsi ambavyo mwanaume mmoja anavyohitaji msimulizi anayemwamini ili awe shujaa. Ningependa kila anayempenda Hammer amsome Dix wiki inayofuata, na kila anayemchukia Hammer amsome Hammer huyo pia, kwa sababu hasira ya Spillane ni ya kweli na ilisomwa na watu wengi mno kuitupa kapuni.

Kwa hali yako

Kama Kiingereza chako bado kinajengwa na huna muda mrefu, chukua Cain. Siku mbili zinatosha, na hutafungua kamusi mara nyingi. Kama unamsomea mtu mwingine kwa sauti, au mnasoma wawili, Cain tena, kwa ajili ya yale mazungumzo.

Kama wewe mwenyewe unaandika, hasa kama unaandika hadithi za upelelezi kwa Kiswahili na kila mara mhariri anakwambia matukio yako ya mapenzi yamebandikwa tu, anza na Chandler. Soma lile tukio la okidi na lile la ubao wa chesi, uone hamu inavyojengwa kwa joto la chumba na vitu vilivyopo mezani.

Kama uliwahi kukaa macho hadi alfajiri na Willy Gamba na unatafuta mwendo ule ule, Spillane atakupa, ila kwa ukatili zaidi na bila taifa la kulinda. Asianze naye mtu anayeumizwa na ukatili dhidi ya wanawake. Humo umekuja kama burudani na hakuna onyo la mapema.

Kama kikundi chenu cha usomaji kina wanaume na wanawake na mnataka kitabu cha kubishania, Hughes. Mwombeni kila mmoja aseme ni ukurasa gani alianza kumwogopa Dix. Majibu hayatafanana, na wanawake mara nyingi hutaja ukurasa wa mapema zaidi.

Kama unapendelea kuanza na filamu, filamu ya 1946 ya The Big Sleep itakupa ladha ya Marlowe na Vivian, ingawa imelainisha mengi. Ile ya 1950 ya In a Lonely Place ni nzuri mno, na mwigizaji mkuu ni Humphrey Bogart yule yule wa The Big Sleep, lakini imebadilisha kiini cha kisa. Soma kitabu kwanza. Kwa Cain, filamu ya 1981 iko wazi kuliko ya 1946, na ya 1946 ina moto zaidi kwa sababu imebanwa.

Na kama ulishajaribu mmoja wao ukaacha njiani, usiuhukumu mtindo wote. Aliyeshindwa na Chandler kwa ugumu wa lugha aende kwa Cain. Aliyeona Cain hana mtu wa kumpenda aende kwa Marlowe. Aliyemtupa Hammer kwa sababu ya macho yake aende moja kwa moja kwa Sylvia Nicolai, kwenye kile kiti chake cha sebuleni.